Kabla ya Rangi, Mpira: Maelezo kwa Sharika Zinazotaka Kufufua Gari la Zamani



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika, pamoja na ninyi marafiki zetu mnaochangia kazi ya dayosisi kutoka ndani na nje ya nchi, katika toleo hili Idara ya Miradi inapenda kuzungumzia jambo linaloonekana dogo. Ni paipu za mpira, raba za breki na sili za mafuta katika magari ya zamani yanayofanyiwa ukarabati. Maombi ya ukarabati wa magari hayo yamekuwa yakifika mezani kwetu, na karibu yote yanafanana. Bajeti huanza na rangi, hufuata viti, matairi na maandishi ya jina la usharika mlangoni. Mwishoni kabisa, penye neno "mengineyo", ndipo mpira unapojificha, kama umekumbukwa.

Tunaomba mpangilio huo ugeuzwe. Gari lililochubuka rangi litashuka mlima salama likiwa na paipu nzuri za breki. Gari linalong'aa lakini lina paipu za miaka thelathini halina uhakika wa kufika chini. Kwa kuwa magari yetu hubeba watu, na mara nyingi wagonjwa, tumeona ni vema kamati zielewe sababu yenyewe badala ya kupokea agizo tu kutoka ofisini.

Magari tunayoyazungumzia

Karibu maombi yote yanahusu Land Rover za zamani zilizobaki katika sharika, vituo vya afya na shule zetu tangu enzi za wamisionari na miaka iliyofuata. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma huko Amsterdam mwezi Aprili 1948. Aina ya Series II ilifuata mwaka 1958, na Series III, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi vijijini, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyingi ni zile ndefu za inchi 109, zenye injini ya petroli au dizeli ya ujazo wa sentimita 2286. Kwa mashabiki wa Ulaya hilo ni gari la kumbukumbu, la kutolewa bandani siku za maonyesho. Kwetu ni gari la kazi. Hubeba dawa, mbegu, mabati, kwaya, mama mjamzito na mara nyingine jeneza.

Magari haya yana sifa moja nzuri ambayo pia hudanganya. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya mchanganyiko wa aluminiamu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo maana gari lililokaa chini ya mwembe miaka kumi na zaidi bado linaonekana zima. Mjumbe wa kamati hulizunguka, akagonga mlango kwa kidole, akasema: "Hili linahitaji betri na rangi tu." Kumbe chasisi ni ya chuma na inaweza kuwa imelika kwa ndani, na kila kilichotengenezwa kwa mpira kimekuwa kikizeeka muda wote huo, gari likitembea au lisipotembea.

Kwa nini mpira huzeeka gari likiwa limesimama

Wengi wetu hudhani kifaa huchakaa kwa kutumika. Kwa beringi na gia ni kweli. Mpira, hata hivyo, hufuata kalenda zaidi kuliko kilometa. Mpira tunaoutumia kwenye magari umepikwa pamoja na salfa ili uwe imara, njia ambayo Mmarekani Charles Goodyear alipewa hataza yake mwaka 1844. Baada ya kupikwa, kazi ya kikemia haikomi. Joto, hewa, mwanga wa jua na gesi ya ozoni huendelea kuushambulia polepole, ukawa mgumu na kupasuka nyufa ndogo, au katika hali nyingine ukalainika na kunata kama ulimbo. Kanuni ya jumla ya mafundi na wakemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, mwendo wa kuharibika huongezeka takriban mara mbili. Mtu anayeishi katika joto la tambarare anaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Gari lililosimama lina shida za ziada. Mdomo wa sili ambao ulizoea kulowanishwa na mafuta hukauka upande wa juu. Raba ndani ya silinda za breki hukaa mahali pamoja, unyevu ukajikusanya, na ukuta wa silinda ukapata kutu yenye vishimo. Siku dereva anapokanyaga pedali kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, raba hiyo huburutwa juu ya kutu kama nguo juu ya msasa. Hii ndiyo sababu hatupendi kabisa habari za gari lililofufuliwa kwa kubadilisha betri na kusukumwa, kisha likaendeshwa moja kwa moja hadi mjini "kwa sababu breki zilikuwa zinashika". Breki hizo hushika siku ya kwanza. Swali ni siku ya ishirini, kwenye mteremko, gari likiwa na watu kumi na mmoja.

Kila kimiminika na mpira wake

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mpira si kitu kimoja. Kuna mpira wa asili unaotokana na utomvu wa mti, na kuna mipira mingi ya kiwandani iliyobuniwa kwa kazi maalumu. Mpira wa aina ya EPDM huvumilia maji ya moto, hewa na mafuta ya breki, lakini ukiguswa na mafuta ya injini, grisi ya kawaida au dizeli, huvimba na kulegea. Mpira wa naitraili ni kinyume chake: huvumilia mafuta ya injini na dizeli, lakini haufai kwa mafuta ya breki na huchoshwa na jua. Kwa joto kali na mafuta ya kisasa upo mpira wenye florini, ambao wengi wanaujua kwa jina la kibiashara la Viton. Ni ghali zaidi, na una mahali pake.

Ukiziweka mezani, raba hizo zote ni nyeusi, zote ni duara, na nyingine zina kipenyo kile kile. Fundi mwenye haraka anaweza kuweka moja mahali pa nyingine na kazi ikaonekana imekamilika.

Mfano unaotutia hofu kuliko yote ni wa mafuta ya breki. Mafuta ya breki yanayotumika kwenye magari haya, yanayoandikwa DOT 3 au DOT 4, si mafuta ya petroli hata kidogo, ingawa kwa Kiswahili tunayaita mafuta. Yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na raba za breki zimechaguliwa ili zikae ndani yake. Dereva anapoishiwa njiani akajazia mafuta ya injini au ya haidroliki "ili tufike", au fundi anapoosha raba za breki kwa petroli au dizeli, raba huanza kuvimba. Baada ya muda breki hugoma kuachia, zinachemka, kisha raba hupoteza umbo na pedali inazama. Mfumo uliochafuliwa hivyo haurekebishwi kwa kumwaga na kujaza upya. Kila raba na kila paipu ya mpira iliyoguswa inapaswa kutolewa na kutupwa, na mabomba ya chuma kusafishwa kwa spiriti au dawa ya breki. Ni gharama kubwa kwa sababu ya nusu lita ya mafuta yasiyo yake. Kama hakuna mafuta ya breki, afadhali gari lilale hapo lilipo.

Breki: paipu tatu zinazobeba roho za watu

Land Rover ya Series ina paipu za mpira za breki tatu tu. Mbili ziko mbele, moja kwa kila gurudumu, na ya tatu iko nyuma, inaunganisha chasisi na ekseli. Klachi nayo ina paipu yake ndogo. Jumla ni nne, na zote zinaenea kwenye mfuko wa plastiki wa dukani.

Jambo ambalo kamati nyingi hazilijui ni kwamba Series nyingi, hasa za miaka ya mwanzo, zina mfumo mmoja wa breki kwa magurudumu yote manne. Magari ya baadaye hugawanya mfumo mara mbili, ili upande mmoja ukipasuka mwingine ubaki. Kwenye mfumo mmoja, paipu moja kati ya zile tatu ikipasuka, breki ya mguu inaondoka yote. Kinachobaki ni handibreki, nayo katika Land Rover haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika dramu iliyoko nyuma ya giaboksi ndogo, kwenye propela shafti. Imetengenezwa kuzuia gari lililosimama. Haikutengenezwa kusimamisha gari linaloshuka kwa kasi.

Tena, sili ya shafti inayotoka nyuma ya giaboksi hiyo ndogo iko jirani kabisa na dramu ya handibreki. Ikivuja, mafuta huingia kwenye dramu na handibreki haishiki tena. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na paipu chakavu na sili inayovuja kwa wakati mmoja, yaani breki ya kwanza imechoka na ya akiba imelowa mafuta, wakati kwa nje bodi inang'aa rangi mpya na msalaba mweupe mlangoni.

Paipu ya breki hukaguliwaje? Ikunjwe kwa mkono na kutazamwa karibu na vichwa vya chuma, maana nyufa huanzia hapo. Msaidizi akanyage pedali kwa nguvu huku mwingine akiitazama. Ikivimba kama shavu, imekwisha. Ikiwa na unyevu, imekwisha. Lakini ukaguzi wa nje hautoshi, na hili tunalisisitiza. Paipu huweza kuvimba kwa ndani huku nje ikiwa safi. Tundu linakuwa jembamba kiasi kwamba nguvu ya mguu inasukuma mafuta kwenda gurudumuni, lakini mafuta hayarudi. Gurudumu linabaki limeshikwa, gari linavuta upande mmoja, na habu inakuwa ya moto. Mafundi wengi hufungua dramu mara tatu wakitafuta tatizo kwenye springi, kumbe liko kwenye paipu. Kwa gari la umri huu msimamo wetu ni kwamba paipu zote nne zibadilishwe pamoja, bila mjadala wa ipi bado ni nzima.

Wakati wa kufunga mpya, paipu isisokotwe. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho kulia na mpaka mwisho kushoto, gari likiwa juu ya jeki na pia likiwa chini, ili kuhakikisha haivutiki wala haisuguani na tairi. Washa za shaba, mahali zilipo, ziwe mpya. Nyuzi za skrubu nazo zina mtego wake. Magari ya miaka tofauti yana nyuzi za inchi au za milimita, na ile ya inchi tatu ya nane na ile ya milimita 10 zinafanana sana kwa macho. Ikianza kuingia kwa vidole kisha ikakaza mapema, au ikachezacheza, isilazimishwe kwa spana.

Kuhusu silinda zenyewe, duka huuza paketi za raba kwa bei ndogo, na mhazini hufurahi. Paketi hizo zinafaa endapo ukuta wa silinda ni laini kama kioo. Ukipitisha kucha na ikakwama kwenye kishimo, raba mpya italiwa ndani ya muda mfupi. Hapo inanunuliwa silinda nzima. Tunaomba kamati isimlazimishe fundi kurudisha silinda yenye vishimo kwa kuwa bajeti ilisema "raba".

Mafuta ya breki yenyewe yatoke kwenye kopo lililofungwa kiwandani. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Kwa viwango vinavyokubalika, DOT 4 mpya huchemka katika nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi, na ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu joto hilo linafikiwa. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke husinyaa chini ya mguu, pedali ikaenda mpaka sakafuni. Kopo lililofunguliwa Krismasi iliyopita likakaa stoo na kifuniko kilicholegea, limwagwe. Wakati wa kutoa upepo, fundi aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, na mafuta yanayotoka asiyarudishe kwenye kopo. Asiyamwage pia juu ya rangi, kwa maana yanaibambua. Hiyo ni sababu nyingine ya kuacha rangi mpaka mwisho.

Kabla hatujaondoka kwenye breki kuna sili za habu. Kila habu ina sili inayozuia mafuta ya ekseli yasiingie kwenye dramu. Ikichoka, lainingi hulowa, na gurudumu hilo halishiki au linashika kwa kushtuka. Lainingi iliyolowa mafuta ya gia haioshwi ikapona, hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli. Vumbi lililomo kwenye dramu za magari ya zamani linaweza kuwa na asbestosi, ambayo ni hatari kwa mapafu. Lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa.

Maji ya rejeta

Katika mfumo wa maji kuna paipu ya juu, paipu ya chini, kipande kifupi kinachozungusha maji injini ikiwa baridi, na paipu za kupasha joto ndani ya gari pale ambapo kifaa hicho bado kipo. Zikipasuka gari husimama, na injini ikiendelea kuendeshwa bila maji hupinda kichwa cha silinda. Mara nyingi hakuna anayekufa, ila mradi hufa.

Watengenezaji wa paipu waligundua miongo kadhaa iliyopita kwamba paipu nyingi za rejeta huanza kuharibika kutoka ndani. Metali za injini pamoja na maji hutengeneza mkondo mdogo wa umeme, kama betri dhaifu, ambao hufungua nyufa nyembamba ndani ya mpira karibu na mwisho wa paipu. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa injini ikiwa baridi, kwa kubinya paipu kwa vidole karibu na klipu kisha katikati. Sehemu ya mwisho ikiwa laini kuliko katikati, au ukisikia mfereji chini ya kidole, ibadilishwe. Paipu ya chini iko upande ambao pampu inavuta, na nyingine huwa na springi ndani ili isibonyee. Springi hiyo isiachwe mezani.

Sharika za milimani zina sababu ya ziada. Katika kimo cha meta 1500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, na kifuniko hicho kinategemea duara dogo la mpira. Kifuniko kilichochoka hufanya rejeta nzuri ionekane mbovu. Tumeona rejeta ikitolewa kwa ajili ya kuchomelewa wakati kilichotakiwa ni kifuniko chenye namba ya presha inayolingana na gari.

Maji ya mtoni yana chumvi na matope, hivyo tunashauri dawa ya rejeta itumike hata kama kwetu hakuna barafu, kwa sababu kazi yake ya pili ni kuzuia kutu. Klipu zikazwe kiasi, kwani klipu iliyokazwa kupita kiasi hukata mpira. Kuhusu kuifunga paipu iliyopasuka kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, hatuna neno baya. Ukanda huo umewarudisha wengi nyumbani, lakini mwisho wake ni nyumbani, siku hiyo hiyo.

Dizeli ilibadilika, sili hazikujua

Wasomaji wenye magari ya dizeli huenda wanakumbuka pampu za zamani zilizoanza kuvuja bila kuguswa na mtu. Kuna sababu moja ambayo haizungumzwi sana. Mwezi Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hatua hiyo ni njema kwa mapafu ya watu. Lakini kazi ya kiwandani ya kuondoa salfa hupunguza pia viungo vingine vya mafuta, ambavyo vilikuwa vikiivimbisha kidogo mipira ya naitraili ndani ya pampu. Sili iliyokaa miaka mingi katika dizeli ya zamani, ikavimba na kugumu katika umbo hilo, husinyaa inapokutana na dizeli mpya, na hapo huanza kuvuja au kuvuta hewa. Dalili yake ni gari kuwaka kwa shida asubuhi baada ya kulala. Marekani iliona jambo kama hilo mwaka 1993 ilipopunguza salfa katika dizeli yake.

Dawa yake ni seti mpya ya sili za pampu, ikiwezekana zenye sehemu za Viton, kufungwa na fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Kazi hii haifanywi chini ya mti. Paipu ndogo za mafuta zinazoenda kwenye pampu nazo zibadilishwe kwa paipu iliyoandikwa kwamba ni ya mafuta. Paipu ya maji ikitumika kwa petroli hulainika, na petroli ikidondokea kwenye bomba la moshi hatuhitaji kueleza zaidi.

Sili za mafuta, na uvujaji unaovumilika

Mafundi wana utani kwamba Land Rover isiyovuja haina mafuta. Ni utani wenye ukweli, na hatutaki kamati zitumie fedha za sadaka kufukuza kila tone. Sili ya nyuma ya krenki, kwa mfano, haifikiwi bila kushusha giaboksi. Ikiwa inatoa tone kwa siku, ingojee mpaka siku ya kubadilisha klachi, kazi zifanyike pamoja. Lakini sili ya habu na ile ya nyuma ya giaboksi ndogo, kama tulivyoeleza, hazingoji.

Kabla ya kuilaumu sili, fundi atazame kipumulio cha ekseli. Ni kitundu kidogo kinachoruhusu hewa kutoka mafuta yanapopata moto. Katika barabara zetu huziba kwa matope. Kikiziba, presha hujengeka ndani na kusukuma mafuta kupitia sili yoyote, hata mpya ya jana. Kukizibua hakugharimu chochote, na mara kadhaa uvujaji umekoma hapo hapo.

Sili mpya hulowekwa mafuta kabla ya kufungwa, na mdomo wenye springi huelekea upande wa mafuta. Shafti ikiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, sili mpya ikikaa mahali pale pale itavuja. Basi hutafutwa pete ya kufunika mfereji, au sili inasogezwa kidogo kama nafasi ipo.

Milango na moshi

Mipira ya milango na vioo huonekana kama suala la vumbi na mvua, yaani suala la starehe. Kwa gari linalobeba wagonjwa ni zaidi ya hapo. Gari la umbo la sanduku likitembea hutengeneza mvuto wa hewa nyuma yake, na mlango wa nyuma usiozibika huvuta moshi wa bomba kuingia ndani. Katika moshi huo, hasa wa injini ya petroli, kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayelazwa nyuma kwenye godoro ndiye anayeivuta zaidi. Mpira wa mlango wa nyuma, na raba zinazoziba matundu ya sakafu kuzunguka giaboksi, ziwekwe katika fungu la usalama pamoja na breki.

Kununua

Soko lina vitu vizuri na vya bandia, na boksi zuri si uthibitisho. Paipu ya breki ya kweli huwa na maandishi ubavuni yanayotaja kiwango, mara nyingi SAE J1401, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa. Isiyo na maandishi tusiinunue hata ikiwa nusu bei. Paipu iliyotundikwa mlangoni mwa duka juani miaka mitatu imekwisha kuzeeka kabla ya kufungwa. Fundi aende na kipande cha zamani mkononi, na namba ya chasisi imeandikwa kwenye karatasi. Akirudi, vya zamani vikabidhiwe kwa kamati ili vihesabiwe, ndipo vitupwe.

Marafiki wa sharika rafiki za ng'ambo mara nyingi hutuuliza wanaweza kuleta nini. Jibu letu ni hili: vitu hivi hasa. Ni vyepesi, huenea kwenye begi, na huko kwenu bado vinatengenezwa kwa ajili ya mashabiki wa magari hayo. Tafadhali msinunue kabla hatujawatumia namba ya chasisi, na msituletee vilivyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Mpira uliotumika hauna zawadi ndani yake.

Tunafahamu pia ugumu wa wafadhili. Rangi mpya hupigwa picha, na gari lenye jina la usharika rafiki hupendeza kwenye ripoti. Paipu nne na mfuko wa sili havina picha ya uzinduzi. Tumeamua kwamba katika ripoti zetu tutaweka picha ya vipande vya zamani vilivyotolewa, vikiwa vimepasuliwa ili tundu lionekane. Aliyechangia ataona mwenyewe fedha yake iliondoa nini.

Utaratibu wa maombi

Kuanzia sasa Idara haitapeleka mbele ombi la rangi, viti au redio kwa gari la zamani kabla ya kupokea taarifa ya fundi kuhusu chasisi. Kama chasisi imelika mahali ekseli zinaposhikilia, hatutaendelea na ombi, na hilo tunalisema mapema ili usharika usianze harambee. Ikiwa ni nzima, fungu la kwanza la fedha ni la breki, paipu zote, sili za habu na giaboksi ndogo, na mpira wa mlango wa nyuma. Fungu la pili ni la maji na mafuta. Rangi ni fungu la tatu.

Baada ya kufunga, tarehe iandikwe kwenye daftari la gari na kwenye kipande cha bati ndani ya boneti. Kwa magari yaliyo chini ya dayosisi tumejiwekea kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, paipu za maji mitano, na paipu za breki sita, hata kama gari lilisimama muda wote.

Kamati zinazokusudia kuleta maombi katika kikao kijacho cha miradi zije na mambo manne: namba ya chasisi, taarifa ya fundi iliyosainiwa, orodha ya paipu na sili kwa majina yake, na bei kutoka maduka mawili tofauti. Anayeweza kuja na paipu ya zamani ya breki ya gari lake na aje nayo. Tutaipasua pamoja mezani.